Maumivu Si Ushahidi: Barua ya Wazi kwa Wasusi, Vinyozi na Wauzaji wa Dawa za Nywele wa Kindu

Kwa waheshimiwa mama wasusi na papa vinyozi wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli;
kwa waheshimiwa wauzaji wa dawa za nywele, masokoni na madukani;
na kwa waheshimiwa watangazaji wa redio wanaosoma matangazo ya dawa hizo:



Barua hii inaandikwa hadharani kwa sababu mambo yanayolalamikiwa ndani yake hutendeka hadharani, mchana kweupe, mbele ya wateja wanaolipa na wazazi wanaotazama, na kwa sababu hakuna ofisi moja ambayo ingeweza kupelekewa malalamiko haya ikayamaliza. Katika mji ambamo daktari bingwa wa ngozi hapatikani kwa urahisi, mtu wa kwanza kuulizwa kuhusu kichwa kinachowasha, nywele zinazopukutika au upara unaoanza pembeni mwa paji la uso ni msusi au kinyozi, na jibu lake huaminiwa kuliko karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha la dawa, ambayo aghalabu imeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza kwa herufi ndogo zisizosomeka. Kwa hiyo kosa linalofundishwa saluni huenea mbali, hata pale ambapo saluni yenyewe ni kiti kimoja chini ya turubai na kioo kilichofungwa kwenye nguzo kwa waya.

Ufundi wa wanaoandikiwa hautiliwi shaka, wala haisahauliwi kwamba wengi wao hulisha nyumba na kulipa karo kwa vidole vyao. Kinacholalamikiwa ni elimu inayouzwa pamoja na ufundi huo, na hasa imani moja inayojitokeza kwa sura nyingi, kwamba kinachouma ndicho kinachofanya kazi: dawa ikichoma imeshika, msuko ukivuta utadumu, kidonda kikiwaka kwa limau na mafuta ya taa basi ugonjwa unakufa. Imani hiyo ni potofu katika kila sura yake, na imevumiliwa kwa muda mrefu mno.

Kabla ya hoja zenyewe yafaa yaelezwe maumbile ya unywele, kwa maana upotofu wote unaanzia hapo. Kifuko cha unywele ni kishimo chembamba ndani ya ngozi ya kichwa ambamo unywele hutengenezwa, na sehemu hiyo ndiyo iliyo hai, yenye damu na mishipa ya fahamu. Uzi unaoonekana nje ya ngozi umefanyizwa kwa keratini, yaani protini ngumu ileile inayounda ukucha. Hauna damu, hauna mishipa ya fahamu, haupumui na hauwezi kulishwa kwa kupakwa kitu chochote. Anayekatwa nywele kwa mkasi haumii, na kila msusi anajua hivyo. Linalofuata ni kwamba maumivu yoyote yanayosikika wakati wa kutengeneza nywele hayatoki kwenye nywele hata kidogo, bali hutoka kwenye ngozi, na kazi yake ni kutoa habari kwamba ngozi inadhuriwa. Dawa ambayo ingegusa nywele peke yake isingesikika kabisa.

1. Dawa ya kulainisha nywele, na imani kwamba ikichoma imeshika.

Dawa hiyo, inayojulikana katika saluni kwa jina la Kifaransa la défrisant, huuzwa kwa aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza kiungo chenye nguvu ni haidroksidi ya sodiamu, alikali kali ambayo akina mama wanaopika sabuni kwa mafuta ya mawese wanaifahamu vyema kwa jina la soude caustique, na ambayo mpishi wa sabuni mwenye akili zake hathubutu kuishika kwa mkono mtupu. Katika aina ya pili, ile inayotangazwa kuwa haina soda, kopo la haidroksidi ya kalisi huchanganywa na kimiminika cha guanidini kabla ya kupakwa, na mchanganyiko huo huzaa alikali nyingine kali. Wauzaji husema kwamba aina ya pili haina madhara na inafaa watoto. Ukweli unaonekana kwenye kipimo cha pH, ambacho hupima ukali wa asidi na alikali kwa ngazi za 0 hadi 14, namba 7 ikiwa katikati, na ambamo kila ngazi moja ni sawa na kuzidisha mara 10. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, ilhali dawa za aina zote mbili kwa kawaida huzidi 12, na tofauti hiyo ikihesabiwa ngazi kwa ngazi inapita mara 1,000,000.

Alikali hiyo hunyoosha unywele kwa kuvunja vifungo vya salfa vinavyoshikilia keratini katika umbo lake la kujikunja, na vifungo hivyo havirudi tena. Uchunguzi wa mwaka 2010, ulioongozwa na Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulipima viungo vya protini katika nywele zilizolainishwa na kukuta kwamba sistini, yaani kiungo chenye salfa kinachoupa unywele uimara wake, kilikuwa kimepungua. Unywele uliolainishwa, kwa hiyo, ni unywele uliodhoofishwa, hata pale kazi ilipofanywa na fundi hodari kwa kufuata kila agizo. Jambo hilo mteja mtu mzima anaweza kulikubali kwa hiari yake, kama ataelezwa. Lisiloweza kukubaliwa ni kinachofuata pale mteja anaposema kwamba inachoma: msusi hujibu kwamba avumilie kidogo, ndiyo inashika, kisha kipande cha katoni huchukuliwa na kichwa kikaanza kupepewa, huku dakika zikihesabiwa kwa kukisia. Dakika hizo ndizo alikali inapomaliza kuila ngozi ya juu na kuingia kwenye ngozi ya ndani. Wengine, wakiona kidonda, hukimbilia limau kwa hoja kwamba asidi huua soda. Lakini limau juu ya ngozi iliyoungua huongeza jeraha, na kinachohitajika ni maji safi mengi, kwa muda mrefu, na mara moja. Dawa ikiingia jichoni maji hayo yanapaswa kutiririshwa juu ya jicho lililofunguliwa kwa dakika zisizopungua 15 kabla ya kwenda hospitali, kwa kuwa alikali huendelea kupenya ndani ya jicho na inaweza kupofusha. Ni saluni ngapi za Kindu zinazofungua kopo la dawa zikiwa na bidoni iliyojaa maji kando ya kiti?

Maneno kama asili, mimea na bila kemikali yaliyoandikwa kwenye makasha nayo hayamlindi mteja. Mwaka 1994 huko Marekani, dawa moja kutoka Brazil iliyoitwa Rio ilitangazwa kwenye televisheni kuwa ya asili na isiyo na kemikali kali, na kabla ya mwaka huo kwisha mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilikuwa imeonya wananchi dhidi yake, kwa sababu wanawake wengi waliripoti kukatika nywele, kuungua ngozi ya kichwa na hata nywele kubadilika rangi kuwa kijani. Dawa hiyo, kinyume cha nyingine zilizotajwa, ilikuwa ya asidi.

Kuna pia suala ambalo wanasayansi hawajalimaliza, lakini ambalo halifai kufichwa. Mnamo Oktoba 2022 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 wa Marekani waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11, yakionyesha kwamba wasiotumia dawa za kunyoosha nywele walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya umri wa miaka 70 kwa asilimia 1.64, na waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia, kwa asilimia 4.05. Uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanayoandamana na hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo unatosha kabisa kumfanya mtu mzima ajiulize kuna haraka gani ya kumpaka dawa hiyo mtoto wa miaka 6 aliyekalishwa juu ya mito miwili ili kichwa chake kiufikie mkono wa msusi, na ambaye kilio chake hutulizwa kwa biskuti.

2. Msuko unaobana, na imani kwamba ukiuma utadumu.

Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote, na kwa kuwa halihitaji dawa wala fedha nyingi, huwafikia hata wasichana wadogo wanaosukwa kibarazani. Unywele unaovutwa mfululizo hulegea ndani ya kifuko chake, kifuko huvimba, na mvutano ukirudiwa mwezi baada ya mwezi kifuko hufa na nafasi yake huchukuliwa na kovu. Madaktari huuita ugonjwa huo upara wa mvutano. Dalili zake za mwanzo zinajulikana kwa kila msusi, ingawa hazitajwi kwa jina: vipele vidogo vyenye usaha mweupe kwenye ukingo wa nywele, ngozi iliyoinuka kwenye shina la kila msuko, kichwa kinachogonga usiku wa kwanza, na mteja asiyeweza kufumba macho vizuri kwa jinsi ngozi ya paji ilivyovutwa nyuma. Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni kumeza parasetamoli na kulala kifudifudi, ilhali ushauri sahihi ni kufumua. Katika hatua hiyo nywele hurudi zenyewe; kovu likishaingia hazirudi, na hakuna mafuta, kitunguu wala dawa ya chupa itakayofufua kifuko kilichokufa.

Wapo wanaosema kwamba upara wa pembeni ni udhaifu wa nywele za Kiafrika, au ni wa ukoo, kwa kuwa mama na bibi walikuwa nao pia. Hoja hiyo haisimami. Ugonjwa huu ulielezwa na madaktari kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa wanawake wa Greenland, huko kwenye barafu, waliokuwa wakifunga nywele zao kwa nguvu juu ya kichwa. Kilichorithiwa kutoka kwa mama na bibi, basi, huenda ni mkono wa msusi tu. Ukubwa wa tatizo nao si wa kudhania. Khumalo na wenzake, katika uchunguzi uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007, waliukuta upara wa mvutano kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule wa Kiafrika na kwa asilimia 31.7 ya wanawake watu wazima, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba hatari huzidi pale nywele zilizokwisha kulainishwa kwa dawa zinaposukwa na kuvutwa. Mtindo unaopendwa sana mjini, wa kulainisha leo na kuunganisha nywele bandia nzito siku chache baadaye, unajumlisha makosa mawili juu ya kichwa kimoja.

Inapoulizwa mtindo utadumu vipi bila kubana, jibu liko karibu kuliko inavyodhaniwa. Wanawake wa Kiluba, majirani wa upande wa kusini wa Maniema, walijulikana kwa mitindo ya nywele iliyochukua saa nyingi kutengenezwa na kukaa kwa wiki nyingi, na waliilinda usiku kwa kulaza shingo juu ya viti vidogo vya mbao vilivyochongwa kwa ustadi, ambavyo leo watu hulipa kiingilio katika majumba ya makumbusho ya Ulaya ili kuvitazama. Kitambaa laini cha kufunga kichwa wakati wa kulala hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Mtindo unaodumu wiki 6 kwa sababu umebana, ukiacha ukingo wa nywele umerudi nyuma kwa upana wa kidole, haukudumu.

Kwa wakuu wa shule wanaoamuru wasichana wote wasukwe mtindo mmoja, neno ni fupi: unadhifu unaweza kudaiwa bila kudai kubana, na msichana mwenye vipele kwenye ukingo wa nywele anastahili ruhusa ya kuja na nywele zilizofumuliwa na kuchanwa.

3. Ahadi za kukuza nywele.

Redioni husikika ahadi ya nywele ndefu baada ya wiki 1. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya nywele za vijana wenye asili ya Afrika ya Kati na Magharibi, yakionyesha wastani wa ukuaji wa milimita 0.256 kwa siku, ambao kwa wiki ni pungufu ya milimita 2 na kwa mwezi ni karibu milimita 8. Mtangazaji anayeahidi nywele ndefu kwa wiki moja anaahidi kisichotokea juu ya kichwa cha mwanadamu. Nywele za Kiafrika hukua, kinyume cha inavyosemwa, lakini kwa kujikunja kwake huonekana fupi na hukatika kwa urahisi zaidi zinapochanwa zikiwa kavu, na ndiyo maana urefu wake hutegemea kupunguza kukatika kuliko kuharakisha kukua.

Kunyoa hakuongezi wingi wala unene wa nywele, kwa kuwa wembe hukata uzi usio na uhai na haufiki kwenye kifuko. Mwanasayansi Mildred Trotter alilionyesha hilo kwa vipimo tangu mwaka 1928, na bado watoto wa Kindu hunyolewa ili nywele zije nyingi. Kukata ncha nako hakukuzi. Huondoa tu sehemu iliyopasuka. Vidonge vya uzazi wa mpango vilivyosagwa na kuchanganywa na mafuta ya nywele, ambavyo husikika vikisifiwa mahali pengi, ni dawa za homoni zinazopaswa kutolewa na mtu wa afya kwa kazi iliyokusudiwa, na hazina nafasi katika kopo la mafuta.

Mfano mmoja unaeleza vizuri jinsi ushahidi wa uongo unavyozaliwa. Wakati wa ujauzito nywele nyingi hukaa katika hatua ya kukua bila kuanguka, na baada ya kujifungua, kati ya mwezi wa 2 na wa 4, huingia pamoja katika hatua ya kupumzika na kupukutika kwa wingi unaotisha. Mama huyo huambiwa kwamba ameonewa wivu, au kwamba mtoto amechukua nywele zake, kisha huuziwa chupa. Miezi michache baadaye nywele zinarudi, kama zinavyorudi kwa wanawake wengi wasiotumia chochote, na sifa yote inakwenda kwa chupa. Muuzaji anayeijua siri hiyo na kunyamaza anauza wakati wa Mungu kwa faranga.

4. Mba.

Huaminika kwamba mba ni ukavu wa ngozi na tiba yake ni mafuta. Kwa kweli mba huhusiana na kuvu wadogo waitwao Malassezia, wanaoishi juu ya ngozi ya watu karibu wote na kula mafuta ya ngozi hiyo, na kuwaongezea mafuta ni kuwaandalia karamu. Dawa yake ni kuosha kichwa kwa shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni, na wala si kukwangua magamba kwa chanuo hadi damu itoke.

5. Mapunye, wembe na mashine ya kunyolea.

Mapunye, ambayo wauguzi huyaita kwa Kifaransa teigne, ni mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika yanayowapata hasa watoto, na husababishwa na kuvu wanaoingia ndani ya unywele wenyewe. Kwa sababu hiyo dawa ya kupaka haitoshi kuyamaliza, hata iwe ghali namna gani, na tiba inayofaa ni ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvini, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mafuta ya taa, limau na dawa nyingine zinazowasha huunguza ngozi ya mtoto na kuwaacha kuvu salama ndani ya nywele. Hapa tena mtoto hulia, na kilio chake huhesabiwa kuwa dalili ya kupona.

Lawama kwa vinyozi ni nzito zaidi, kwa kuwa kichwa chenye mapunye hunyolewa asubuhi kwa mashine ileile itakayowanyoa watoto wengine hadi jioni, ikipulizwa kwa mdomo kati ya mmoja na mwingine na kupanguswa kwa brashi iliyojaa nywele za wote. Pale wembe unapotumika kusawazisha ukingo hatari ni kubwa kuliko kuvu: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, ndani ya tone la damu iliyokauka ambalo jicho halilioni. Wembe mmoja kwa watu wawili ni jambo lisilo na utetezi wowote, na bei yake ndogo hulifanya liwe la aibu zaidi.

6. Nywele nyekundu za mtoto mdogo.

Hoja hii imewekwa mwisho ingawa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtoto wa mwaka 1 hadi 4, aliyekwisha kuachishwa ziwa na anayekula hasa ugali wa mihogo, anapobadilika nywele kuwa nyekundu au za rangi ya shaba, nyembamba, zilizonyooka na laini, wapo wanaosifu uzuri wake, wapo wanaosema amefanana na jamaa fulani, na wapo wanaomnyoa ili nywele zitoke upya zikiwa nyeusi. Mabadiliko hayo, hasa yakiambatana na miguu iliyovimba, uso uliojaa na mtoto asiyetaka kucheza, ni dalili za kwashiorkor, utapiamlo mkali ambao daktari Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 kutokana na kazi yake katika nchi ambayo leo ni Ghana, na ambao huko Kivu umejulikana kwa jina la bwaki. Mwili uliopungukiwa huacha kutengeneza keratini na rangi ya kutosha, na upungufu huo huonekana kwenye nywele.

Nywele za mtoto wa namna hiyo hung'oka kwa kuvutwa kidogo tu, tena bila maumivu. Aliyezoea kupima kila jambo kwa maumivu ataona hakuna tatizo, kwa kuwa mtoto halii. Kinyozi anayemnyoa na kumrudisha nyumbani anaiondoa dalili ambayo mwuguzi angeiona, na kwa ugonjwa unaoweza kuua ndani ya wiki chache, siku zinazopotea ni nyingi.

Yaliyoombwa na yasiyoombwa.

Barua hii haiombi marufuku. Eneo hili la Afrika limekwisha kuona serikali na vijana wa vyama wakisimamia vichwa vya wanawake: mwaka 1968 umoja wa vijana wa chama cha TANU huko Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku peruki pamoja na sketi fupi na dawa za kuchubua ngozi, na kilichobaki katika kumbukumbu ni wasichana waliosumbuliwa na kuvuliwa mitaani, si afya iliyoboreshwa. Mwanamke wa Kindu anayetaka nywele zilizonyooka, nywele bandia au upara unaong'aa ana haki navyo. Kinachodaiwa ni aambiwe ukweli kabla ya kulipa, na asiumizwe.

Kutoka kwa mama wasusi yanaombwa mambo yafuatayo. Kopo la dawa ya kulainisha lisifunguliwe kabla glavu hazijavaliwa, ngozi ya kichwa na ukingo wa nywele havijapakwa vazelini, saa haijawekwa mahali inapoonekana, na bidoni ya maji safi haijakaa kando ya kiti. Kichwa chenye kidonda, au kilichokunwa au kusukwa siku chache zilizotangulia, kisipakwe dawa hata mteja akisisitiza. Dawa ipakwe kwenye nywele mpya zilizoota, isipakwe tena juu ya zilizokwisha kulainishwa, na kati ya mara moja na nyingine zipite wiki zisizopungua 8. Neno la mteja kwamba inachoma lichukuliwe kuwa amri ya kusuuza, siyo mwanzo wa mazungumzo. Mtoto ambaye hajamaliza shule ya msingi asipakwe dawa hiyo kamwe, na mzazi anayeng'ang'ania aelezwe sababu, kwa upole lakini bila kulegea. Katika kusuka, nywele za ukingoni na za kisogoni ziachwe huru au zisukwe kwa kulegezwa, nywele bandia zipunguzwe uzito, na anayerudi siku ya pili akiwa na vipele afumuliwe bila kutozwa chochote.

Vinyozi wanaombwa wembe mpya kwa kila kichwa, ufunguliwe mbele ya mteja, na mashine isafishwe kwa brashi na kwa alkoholi au maji ya javel kati ya mtu na mtu, kwa vipimo vitakavyoulizwa katika kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto mwenye mapunye au nywele nyekundu asinyolewe siku hiyo. Apelekwe kituoni kama alivyo. Kinyozi atapoteza malipo ya kichwa kimoja, na hilo linajulikana.

Wauzaji wanaombwa waache kuuza défrisant iliyochotwa kutoka kopo kubwa na kutiwa katika vikopo visivyo na jina, tarehe wala maelezo, na waache kuianika juani kutwa nzima. Watangazaji wa redio, ambao sauti zao hufika hata ng'ambo ya mto na katika vijiji ambavyo mtu wa afya hupita mara chache, wanaombwa wakatae tangazo lolote linaloahidi nywele kukua kwa siku au upara wa kovu kupona, na kwa kila tangazo la dawa ya nywele wanalolipwa wasome bure, kwa Kiswahili, onyo moja: kwamba mtoto mwenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mwandishi wa barua hii yuko tayari kurekebishwa na msusi yeyote mwenye uzoefu tofauti, na majibu yatakayoandikwa hadharani yatapokelewa kwa heshima ileile. Yapo mambo ambayo vidole vilivyosuka kwa miaka 20 vinayajua na vitabu havijayaandika, na ingefaa yasemwe.

Imeandikwa Kindu, jimbo la Maniema.

Nakala kwa taarifa:
Divisheni ya Afya ya Jimbo la Maniema, kwa ombi kwamba wauguzi wa vituo vya afya wapangiwe siku ya kuwatembelea wasusi na vinyozi wa mtaa wao;
Ofisi ya Kongo ya Udhibiti wa Bidhaa (OCC), kwa ombi kwamba dawa za nywele zisizo na maelezo ya Kifaransa au Kiswahili zichunguzwe kabla ya kufika sokoni;
Wakuu wa shule za msingi na sekondari za mji wa Kindu.